Fundi wa Kimya

Jina langu hupita mwisho, nyuma ya mpishi na dereva,
herufi ndogo zikikimbia kama siafu waliomwagiwa maji:
SAUTI: HEZRON WEKULO.
Nasambu alikuwa akiinuka kitini, "Ngojeni kwanza, rudisheni!"
lakini tangazo la sabuni halijui kungoja.

Nilianza kwa kukunja nyaya. Mwaka mzima, nyaya.
Bwana Mwadime, mkuu wa zamu, alisema waya hauviringishwi,
unalazwa, kama mtoto aliyesinzia begani.
Akasema pia: siku wakikutaja, jua umeharibu.
Nikakaa kwenye meza ya vitelezi ishirini na vinne
miaka kumi na mitatu bila kutajwa.
Usiku mmoja, taarifa ya saa tatu, mheshimiwa fulani
alidhani amemaliza, akafungua kinywa kumtukana msaidizi wake.
Kidole changu kilifika kabla ya ulimi.
Nchi ikalala bila tusi lile,
nami nikapanda ngazi kwenda kunywa chai.

Halafu barua. Tunasikitika. Tulikuwa arobaini na wawili.
Meza yangu ikapelekwa mnadani, nikainunua mwenyewe
kwa mkopo wa chama, dhamana cherehani ya Nasambu,
nikaipandisha Ngara, ghorofa ya pili,
kwa vijana wanne na matusi yote niliyowahi kuyazuia.

Ukutani trei za mayai.
(Tulikula mayai mpaka watoto wakaanza kuyaota.)
Mlangoni magodoro ya shule iliyofungwa.
Chini yetu Onesmo, fundi wa mageti, anachomelea tangu alfajiri.
Tukapatana: nikigonga bomba mara mbili, anazima;
mara tatu, anaendelea.
Malipo ni chai ya saa nne na andazi,
na kodi ikichelewa, tunachelewa pamoja.

Watu hudhani kimya ni kimoja.
Kimya cha benki kina karatasi ndani yake.
Kimya cha wodi kina magurudumu.
Kila tulipopiga picha niliomba dakika moja, watu wasimame walivyo,
nikanasa chumba kikijisemea peke yake,
kisha nikaandika juu ya kasha:
Korti, Kibera. Jiko la hoteli, usiku. Darasa, mvua imekatika.

Kasha moja limeandikwa Nyumbani, basi.
Nilikuwa najaribu kinasa sauti kipya.
Nasambu alikuwa anachambua maharagwe kwenye sinia.
Nikamwambia, nyamaza dakika moja tu.
Akanyamaza, mkono hewani, kama mtu aliyefumaniwa.
Sekunde ya arobaini na moja, haragwe likamponyoka,
likagonga sinia: ti.
Nikasonya, nikazima.
Ndipo akacheka.

Kicheko sina. Nina ti.

Mwezi uliopita mchezo wa Alhamisi ulitaka kimya cha nyumba:
mjane kitandani, barua mkononi, hasemi kitu.
Nikatoa kasha.
Kanini, msichana ninayemfundisha, ana masikio ya popo,
akasimamisha. "Mzee, kuna kitu kimegonga hapa. Nitoe?"

Nimetoa vikohozi vya maaskofu. Nimetoa kunguru, jenereta,
tumbo la mwigizaji lililonguruma katikati ya posa.
"Acha," nikasema.
"Kwani ni nini?"
"Haragwe."
Akaniangalia. Akaacha.

Alhamisi likapita, nyumba kwa nyumba, Kitale hadi Voi,
ti, chini ya pumzi ya mjane,
na hakuna aliyegeuza shingo. Mwadime angeridhika.
Mimi nilikuwa studio, taa nimezima,
na huko chini Onesmo ananingoja na geti la watu,
anataka kulimaliza kabla stima haijapotea.
Nilikuwa nimemweka sana.
Jina langu likapita.
Nikagonga bomba mara tatu.