Jiwe la Sabini na Nne

Kazi ya baba ilikuwa kubishana na rangi.
Alfajiri alitoka Katuba na ndoo ya chokaa,
brashi mbili, kofia iliyopasuka pembeni,
akadandia lori la wajenzi hadi njia ya Likasi
kuyapaka mawe ya kilomita yawe meupe.
Jioni vumbi liliyapaka upya.
Kesho yake akarudi.
Miaka ishirini na miwili hakuna aliyeshinda,
na mshahara ulikuja ulipopenda.

Leo nimekaa mbele katika gari la shemeji Kalasa,
mwezi wa nane, vioo vimefungwa
na vumbi limeingia vilevile.
Tumelipa peaje. Tumeuacha nyuma mlima mweusi wa masalia ya shaba,
na mara nchi inafunguka,
nyekundu mpaka jicho linapochoka.

Nyekundu gani? Baba alikuwa na hesabu yake.
Karibu na mji, alisema, ni tofali bichi.
Ukivuka daraja, ni mawese yaliyoganda sufuriani.
Pale walipoupasua mlima ili njia ipite
mwamba umesimama pande mbili, tabaka juu ya tabaka,
hapa kutu, hapa ini la mbuzi,
na pale mshipa mwembamba wa kijani
ambao wageni waliuona kabla hawajatuona sisi.
Hapo alizima sigara. Hakusema kwa nini.

Vichuguu vimesimama porini, virefu kuliko nyumba yetu,
vyote vimeelekea njiani
kama watu wanaongoja lori lililopita jana.
Malori yenyewe yanakuja, mabamba ya shaba
yamefungwa mikanda, yanateremkia mpakani,
na kila moja linatunyima dunia kwa dakika nzima.
Kalasa anawasha taa mchana. Anatukana polepole, kwa Kibemba,
lugha aliyoitunzia mambo ya barabara.
Wenye baiskeli za makala wanachomoza vumbini
miguu kwanza, kisha magunia,
uso mwisho.

Sikulia alipokufa. Nalisema hili kwa sababu njia ni ndefu.
Wajomba walipomwosha, maji yalitoka mekundu,
kwenye nywele, masikioni, chini ya kucha.
Shangazi Kapya akapiga yowe: damu!
Mama akaja, akachungulia karai,
akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba.
"Si damu," akasema. "Ni barabara."
Makarai matatu. La nne likawa na rangi ya chai.
Wakaacha hapo.

Lwisha iko karibu. Natazama ukingo.
Kampuni mpya imepanda nguzo za chuma zenye macho ya kioo,
hazimhitaji mtu.
Mawe yameng'olewa; mengine, nasikia, yamekuwa mafiga,
na bukari linaiva juu ya kilomita ya hamsini.

"Simama," namwambia Kalasa.

Mtoto wa miaka kumi hivi anauza asali
kwenye chupa za wiski zilizozibwa kwa magunzi.
Amekalia jiwe.
"Umekalia sabini na nne," namwambia.
Ananitazama kama mteja asiye na pesa.
"Nimekalia jiwe," anasema. "Chupa faranga elfu tano."

Nachukua mbili. Anainuka ili apekue chenji mfukoni,
na pale alipokuwa,
katikati ya wekundu wote ule,
pana doa jeupe, miduara miwili iliyoungana,
upana wa matako ya mtoto:
chokaa ya baba, safi kama yai.
Kila siku anaifuta bila kujua
kwa kaptula yake ya shule.

Sina ndoo. Sina brashi.
Nimeshika asali mikono miwili na Kalasa anapiga honi.
Namwomba mtoto anipishe nikae kidogo.
Anafikiri. Anatazama njia huku, anatazama kule.

"Kaa," anasema,
"lakini wateja wakija, unainuka."