Kiasi juu ya Asili

Mwalimu Nzioki alitufundisha sehemu kwa chungwa:
cha juu ni kiasi, cha chini ni asili,
na asiyejua asili yake, alisema, hana hesabu.
Tulicheka, tukidhani ni methali.

Leo niko ghorofa ya tisa, Upper Hill.
Nchi kumi na nne zimepangwa kwenye skrini
kama watahiniwa wanaosubiri matokeo.
Dozi ya tatu, kifaduro, dondakoo, pepopunda:
huyu tisini na moja,
huyu sitini na nne,
na huyu, bila haya, asilimia mia moja na kumi na mbili.

Mia na kumi na mbili!
Wale kumi na wawili wametoka tumbo gani?
Bwana Wekhomo anasema niandike tisini na tisa,
ramani ikolee kijani, twende chai.

Siandiki. Nadhani najua walikotoka.

Jumanne nilikuwa Mukuru, upande wa mto,
kishikwambi mkononi, viatu vya mpira,
nikifuata namba zilizopakwa rangi kwenye mabati.

Kumi na saba: kadi ipo, imeviringishwa ndani ya nailoni
pamoja na risiti ya godoro.
Ishirini na tatu: kadi iliungua na nyumba, Januari.
"Lakini andika alichomwa," akasema Kerubo.
"Paja la kushoto. Siku mbili hakunyonya vizuri,
nikakesha naye kifuani, nje mvua.
We! Usiku kama huo mama husahau?"
Nikabonyeza: *kumbukumbu ya mama*.
Huko mbele kuna watakaoipima
wakaiona nyepesi kuliko karatasi.

Thelathini na moja: kovu lipo mkononi, kama punje ya dengu,
kisha kadi inanyamaza.
Kati ya dozi ya kwanza na ya tatu
kuna kodi mbili za nyumba.
Walihamia Pipeline, wakarudi, wakahama kona ya pili.

Na kati ya arobaini na moja na arobaini na mbili
palikuwa na mlango usio na namba.
Pazia la manjano. Mtoto kizingitini
anatafuna kifuniko cha chupa.
"Anaitwa nani?"
"Barasa."
"Kadi?"
Mama akanitazama kama niliyemwomba hati ya shamba.
Nikaugeuza mkono wa kushoto:
laini, mwembamba, haujaandikwa kitu.

Sampuli haikumchagua.
Na kazi yangu ina sharti lake: usiongeze nyumba kwa huruma,
maana huruma hupotosha hesabu sawasawa na uongo.
Nikavuka.
Arobaini na mbili. Nikabisha hodi.

Sensa ilipopita, mlango ule haukuwepo.
Walio kama Barasa wakifika kliniki, muuguzi hawaulizi
kama taifa linawatambua; huwachoma, huandika alama,
na alama hupanda juu ya asili isiyowajua.
Hapo ndipo mia huvunja ukingo.
Wasipofika, hawapo juu, hawapo chini:
mstari wa katikati umewapita vichwani.

Tena nchi ihesabuyo kila mlango huvuna sitini na nne
na kukemewa mkutanoni;
ifumbayo jicho huvuna mia na nyongeza,
ikapigiwa makofi.

Basi mia na kumi na mbili nimeiacha ilivyo.
Nimeipaka kijivu, nikaandika pembeni: *asili haijulikani*.
Bwana Wekhomo amekwenda chai peke yake.

Ila Jumanne ile ile, fomu zikishatumwa,
wala zisingeweza tena kuharibiwa na moyo wangu,
nilimpigia Bi Mogire, mhudumu wa afya wa mtaa.
Kuna mtoto, nikamwambia, mwaka na kitu,
wafikishe kliniki Alhamisi, saa mbili asubuhi.
"Nyumba namba ngapi?"
"Haina," nikasema. "Nenda na chaki."