Mchoro Nyuma ya Risiti

Milda, umelala Vilnius na goti jipya la chuma,
nami nimevaa viatu vyako, vinanipwaya kidogo,
risiti ya duka la dawa mkononi:
mbele bei za vidonge, nyuma hati yako,
mstari wa kalamu uliojipinda kama uzi wa sweta lililofumuka.
"Kaikimbie njia yangu, Jadvyga," ulisema.
"Bustani, msitu, ziwa. Kisha unieleze."

Saa kumi na mbili na nusu. Lango la kasri bado limefungwa,
ila kuna pengo kwenye seng'enge. Umelichora: kiduara.
Nimepita kwa ubavu, mwanamke wa miaka hamsini na tisa,
kama mwizi wa maboga.

Changarawe inapiga kelele chini yangu
hadi naona haya,
mgeni atafunaye kwa sauti mezani pa watu.
Waridi limebaki moja, limekunjamana
kama leso ya mtu mwenye mafua.
Sanamu bado haina pua.
Mtunza bustani anasukuma toroli la majani makavu,
anainamisha kichwa, hasemi,
na mimi pumzi ya kumjibu sina.

Msituni umechora mawimbi matatu, ukaandika:
mizizi, inua miguu, mvivu.
Nimeinua. Wa tatu umenipata hata hivyo.
Ile miti myeupe unayoiita wauguzi wa zamu ya usiku
imesimama palepale, imechoka, inasubiri kupokewa.
Harufu ya uyoga, ya mvua ya jana.
Bibi mmoja mwenye kikapu kanisikia nikija,
akafunika uyoga wake kwa skafu,
kana kwamba mtu hukimbia hivi, na kichomi ubavuni,
kwa ajili ya kuiba.

Mbio za sakafuni, husema watu, huishia ukingoni.
Basi huu hapa ukingo:
msitu umekatika kama sentensi,
na ziwa lote, rangi ya bati, limelala wazi.
Nilitaka kupiga ukelele. Nikakohoa.

Kutoka hapo njia inafuata matete, mbali,
mbali kuliko karatasi; mstari wako umezunguka pembeni,
ukaja mbele, ukapita juu ya bei,
ukaishia kwenye jumla, kwa alama ya msalaba.
Sikuwa nimekuuliza. Nilidhani ni mbwa.

Mbwa yupo. Mzee, jicho moja.
Na mwenyewe, Zenonas, mkodisha mashua,
anazipindua zikauke kwa kuwa kiangazi kimekwisha,
birika likifoka juu ya jiko la gesi.
"Wewe siye," akasema, akitazama viatu.
"Mimi dada yake."
"Kaa. Hicho kiti chake. Yeye hanywi na sukari,
ni asali tu. Nusu saa hivi, halafu huenda."

Nusu saa, Milda!
Miaka sita unaingia mlangoni umeinua saa ya mkononi,
"dakika hamsini na mbili, bila kusimama,"
na mimi sofani na gazeti, miaka sita,
nikijiona gunia la viazi.

Nikakaa. Nilikuwa na hasira, na chai ilikuwa tamu.
Hakuuliza habari za goti mara moja.
Alisugua mashua ya kijani, mahali palepale, palepale,
kisha akauliza, kama mtu aulizaye kama mvua itanyesha.
Wiki tano, nikamwambia.
Akazihesabu kwa vidole, vyenye rangi.

Nimerudi nimekumbatia chupa ya asali,
nikikimbia kidogo, nikitembea sana.

Jioni ukapiga simu. "Haya, vipi?"
"Dakika hamsini na mbili," nikasema. "Bila kusimama."
Kimya.
Kisha ukacheka, ukasema aii, goti, ukacheka tena.
Ukashusha sauti, kuna mgonjwa kitanda cha pili:
"Mashua ameshazipindua?"
Saba, nikasema.
Bado ile ya kijani.