Sekunde Kumi na Moja

Anaingia kwa mlango wa jikoni, sinia mkononi,
aproni imekazwa hadi pumzi,
na kabla hajafika mezani keki imeshaanguka,
bwana mwenye nyumba ameteleza,
mkewe amepiga yowe lisilo na sauti.
Basi. Sekunde kumi na moja.
Jina lake halimo katika orodha ya waigizaji.
La mbwa limo.

Ni bibi yangu, Ozella Pettiford,
aliyepanga chumba nyuma ya duka la fundi viatu, Central Avenue,
akapanda tramu mbili alfajiri
kwenda kutumika katika nyumba isiyo na paa:
kuta tatu za mbao, dirisha linalotazama turubai,
jiko lisilowaka.

Kisha kadi ya maneno, herufi nyeupe juu ya weusi:
"Mimi ogopa mizimu, bibie! Mimi kimbia!"
Yeye, aliyefundisha darasa la sita kule Texarkana,
aliyesahihisha barua za mchungaji kwa wino mwekundu
na kumrudishia.

Lakini kamera ya siku zile haikuwa na masikio.
Hilo alilijua mapema kuliko wenye kamera.

Jumamosi, kwenye roshani walikotengewa watu weusi,
aliketi Bwana Thaddeus Broyles, mpiga pasi,
kiziwi tangu surua ya utotoni,
msoma midomo kama wengine wasomavyo gazeti.
Siku hiyo alicheka kabla ya kadi.
Alicheka peke yake, mbavu mkononi,
kofia ikadondoka hadi kwenye viti vya mahameli.
Akaandika juu ya mfuko wa njugu,
mfuko ukapita mkono kwa mkono:
*Anasema keki ina chumvi, bibie,
na mumeo anamjua aliyeitia.*

Roshani nzima ikalipuka.
Wa chini wakatazama juu,
wakidhani kuna kitu kimewapita.
Kilikuwa kimewapita.

Tangu hapo walimchangia Broyles tiketi.
Ila alipotokea Hamasaki, Mjapani aliyevishwa Uchina,
msuko wa bandia ukining'inia kisogoni,
akamjibu bibi kwa lugha ya kwao,
Broyles aliinua mabega, akaandika:
*Hapa sote ni viziwi.*
Bibi naye hakuelewa hata neno.
Alijua tu mahali pa kucheka.

Mama yangu hakucheka.
Picha za aproni alizizika chini ya mashuka.
"Alibeba sinia," alisema. "Usimpambe."
Nami sijui bado
kama mzaha usiosikika na aliyekuajiri
ni ushindi, au ni njia ya kumaliza siku.

Imebaki nakala moja, inanuka siki.
Naipitisha taratibu, picha kwa picha.
Broyles hayupo; najifundisha midomo mbele ya kioo.
Katika sekunde ya tisa anageuka,
si kwa bwana, si kwa bibie, kwenye lenzi yenyewe,
na kusema neno moja.
Midomo inakutana, inaachana, inakutana tena.
Labda ni Mabel, jina la mama,
aliyeachwa kwa fundi viatu na homa.
Labda ni tusi.

Narudisha nyuma.
Keki inapanda mezani, nzima.
Bwana anasimama, yowe linamezwa,
na bibi anaondoka kinyumenyume na sinia lake,
neno likimrudia kinywani.