Moina, Esha

Kilimani hawaruhusu wino.
Unapewa kalamu ya risasi iliyochongwa na waliotangulia
mpaka imebaki kisigino,
na faili linaletwa limefungwa utepe mara tatu,
kama mzigo wa mtu asiyemwamini mpagazi.

Nimekuja kumtafuta bibi yake mama.
Kwetu hana jina. Ni Bibi Mngazija,
yule aliyeitikia "ewa" mpaka mauti yake.

Majalada ya uraia yamepangwa kwa waume.
Mpishi, baharia, muuza maji, fundi wa cherehani,
kila mmoja na ukurasa wake na mdhamini wake.
Wake wamo chini, penye ukingo wa karatasi,
pale mchwa anapoanzia kula.

Siku ya nne nikampata mume.
Mlamali bin Msa, mpishi, Kikwajuni,
aomba kuwa raia wa Seyyid.
Mwandiko umelalia kulia;
karani alikuwa na haraka, au na njaa.
Wake: wawili.
Moina, Esha.

Wawili!
Nikakaa, feni inanipepea kisogo.
Hakuna aliyewahi kututajia mke mwenza.

Wiki nzima nikamsaka Esha.
Vitabu vya meli, vya maziko, vya talaka.
Nilimkuta Esha wa Shihiri, na Esha wa Lamu,
na Esha mmoja aliyemshitaki mwenye nyumba
kwa sababu ya dirisha. Wa kwetu simuoni.
Basi usiku nikamjenga mwenyewe:
nikampa chumba cha uani, ulimi mkali,
marashi ambayo Moina hakuyapenda.
Nikampa na mtoto aliyekufa, Mungu anisamehe,
ili ipatikane sababu ya kutotajwa.

Kisha nikaigeuza karatasi.
Nyuma yake, madole gumba mawili, wino wa zambarau,
moja la Moina, moja la Esha,
na yote mawili yamepitiwa na kovu lile lile,
mshazari, kama mwiba wa dagaa.
Mbuzi ya nazi haikati wanawake wawili
pahala pamoja.

Moinaesha.
Kwao husemwa kwa pumzi moja.
Karani kalitia koma.

Namuona amesimama mbele ya meza.
Anaambiwa weka dole, anaweka.
Anaambiwa weka tena.
Labda kadhani kila mgeni hutozwa mara mbili,
ndivyo walivyomfanyia forodhani.
Labda alijua, akanyamaza, akaona si vibaya
kuwa na mwenzio humo ndani ya sanduku la serikali.
Na Mlamali, mtu wa kubishania bei ya muhogo,
ada ya mke wa pili akalipa bila neno.
Stakabadhi ipo.

Penye "kazi", yeye: mpishi.
Wao: kistari.
Na zile kofia alizokuwa akizidarizi barazani kwa ndani,
tundu kwa tundu, nusu ya mtaa wakasalia Idi nazo,
kistari.
Penye "pa kuzaliwa", Moina: Ngazija.
Esha: kama wa juu.

Nilipomhadithia mama mkubwa, Bi Kazija,
alicheka mpaka akavua miwani.
"Koma! Unajua wazee wakimwita nani koma?
Maiti anayerudi kwa watu wake kudai sadaka."
Kisha kicheko kikamwisha,
akawa anapangusa kioo kwa upindo wa kanga,
kioo kimoja, kile kile, muda mrefu.
"Alhamisi tunamsomea bibi hitima," akasema.
"Na huyo Esha?"

Huyo Esha. Nilikwisha kumpa chumba.

Nikamuuliza kama lile birika kubwa
bado analo.