Nukta Mtoni

Huku ni saa tatu usiku, Waterloo imelala chini ya theluji;
kule Chengdu ni saa nne asubuhi, na tayari ni kesho.
Tumeshachelewa kabla ya salamu.

Lorna Brubacher, mwenye kampuni, anafungua ramani yetu,
kazi ya miaka sita juu ya duka la baiskeli.
Nukta ya buluu inasimama katikati ya mto.
"Mteja wenu amezama," Wenli anasema kwenye skrini. Hacheki.

Kule ramani husogezwa kwa amri,
hatua mia tano hivi, kila mahali kivyake,
na ufunguo wa kuirudisha hushikwa na mwenyeji.
Mwenyeji tumempata. Anataka nusu.
Anataka na seva zihamie kwake.
Na kibali? Kiko mezani kwa mtu
aliye likizo tangu Oktoba.

Wiki jana tuliikuta programu yetu sokoni kwao,
jina jingine, rangi nyekundu, bure kabisa.
Hata kosa langu la tahajia ndani ya msimbo walilinakili.
Nililisoma nikaona haya, kisha fahari, kisha haya tena.

"Tuna fedha za miezi mingapi?"
Hakuna anayemjibu Lorna. Bomba la joto linagonga ukutani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyolelewa;
sikuambiwa mgeni naye huponea wapi.

Saa tano natoka. Njia imefutika.
Natoa simu: nukta yangu iko
juu ya daraja la Kijito cha Laurel,
pale pale niliposimama.