Kituo cha Nne

Sisi thelathini na mmoja, hadubini moja.
Zamu yangu Alhamisi, baada ya Bisimwa,
naye Bisimwa akishika lenzi haachii
mpaka umeme ukatike; na umeme wa Bukavu
hungoja mtu aanze kuelewa, ndipo ukatike.

Basi tangazo lilipobandikwa mlangoni kwa labo,
karatasi ya daftari, wino wa buluu:
*Wanatakiwa wanafunzi wawili, kuhesabu mabuu
kwenye kijito cha Kadutu. Malipo: viatu vya mpira,*
nilidhani ni utani wa wale wa sheria.

Tuliomba wawili. Tukachukuliwa wawili.

Asistanti Buhendwa akatupa neti, koleo ndogo,
chupa za spiriti, na sentensi moja:
Andika ulichokiona, usiandike ulichokitaka.
Vituo vitano, kutoka chemchemi hadi ziwani.

Kituo cha kwanza, juu, mawe yana ubaridi:
thelathini na wanane, wenye mikia mitatu mitatu,
miembamba kama nyusi za mtoto mchanga.
Kituo cha nne, chini ya soko,
maji yana rangi ya chai iliyosahauliwa:
sifuri.

Sifuri ya Februari.
Sifuri ya Machi, mvua ikitupiga visogoni.
Aprili nikainua jiwe kwa mikono miwili
kama anayefunua sufuria ya jirani.
Sifuri.

Nankafu akasema, tuweke tatu. Hata wawili.
Nani atashuka huku kuhakiki?
Mchoro utapendeza, profesa atafurahi.
Sikumjibu. Kandambili moja ya mtoto ilipita,
ya kushoto, ikizunguka polepole.

Nyumbani mama akauliza:
Ada yote ile, ukahesabu wadudu wasiolika?
Na kama hawapo, unahesabu nini?

Kesho yake nilimsaidia sokoni.
Anauza sambaza kwa kopo. Pande zote mbili
makopo yamebonyezwa kitako, yameingia ndani
kama tumbo la mwenye njaa.
La mama limenyooka. Nilikuwa sijawahi kulitazama.
Anajaza, anapiga ukingo kwa kiganja, anaongeza kidogo.

Mei: sifuri. Nimeandika mimi,
Nankafu akashika daftari lisilowe.

Halafu Agosti, kiangazi, maji yamepungua,
kwenye kituo cha nne, chini ya kipande cha tofali,
mmoja.

Tulipiga kelele hadi wachuuzi wakachungulia.
Tukapanda mlima tukikimbia, chupa kifuani,
na Bisimwa, ajabu, akanipisha kwenye lenzi.
Mikia mitatu. Matamvua ubavuni. Mmoja, kamili.

Buhendwa alitazama, akatazama tena, akavua miwani.
Rudieni, akasema.

Tukarudia mara tatu, jiwe kwa jiwe, hadi giza.
Daftari linasema: moja, sifuri, sifuri, sifuri.
Huenda alisombwa tu kutoka juu.
Hilo nalo nimeliandika.

Siku ya kuwasilisha, ukumbi wa kulia chakula,
watu kumi na sita, wawili wamesinzia.
Mama alikaa nyuma, kitenge cha harusi,
mikono ikinuka sabuni na, kwa mbali, samaki.
Maprofesa waliuliza habari za wastani, za makosa ya kipimo.
Mama alinyoosha kidole wa mwisho:

Huyo mmoja, mlimrudisha?

Hapana, mama. Yuko kwenye chupa,
na tarehe, na namba ya kituo,
kwa mwandiko wangu.